Mashimo Mashimo Bondeni



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme ziko sura mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, ya tatu na ya nne, ambazo vikundi vyetu huzipita haraka. Sura ya tatu haisomwi katika Misa za Dominika. Ni habari ya vita, na mwisho wake unaogofya. Ya nne inafahamika zaidi, kwa ajili ya mjane na mafuta yake. Tumezoea kuzifundisha moja moja, kila moja kwa siku yake. Mwaka huu tulizisoma mfululizo pamoja na vijana wanaojiandaa kwa Kipaimara, na ikaonekana kwamba zote mbili zinauliza swali moja: mwenye shida afanye nini katika saa ile ambayo msaada haujaonyesha hata dalili?

Swali hilo si la watu wa kale peke yao. Wengi wenu mna diploma ya Serikali iliyolala ndani ya sanduku la nguo tangu miaka mitatu au minne. Wengine mmekimbia vijiji vyenu, na hamjui kama mtarudi kabla ya majira ya kupanda. Kila mmoja anangoja kitu. Ndiyo maana tunapenda kukaa nanyi kidogo katika sura hizi.

Tuko katikati ya karne ya 9 kabla ya Kristu. Mesha, mfalme wa Moabu, alikuwa mfugaji mkubwa, na kwa mfalme wa Israeli alilipa kodi ya wanakondoo 100,000 pamoja na sufu ya kondoo dume 100,000. Ahabu alipokufa, Mesha akaacha kulipa. Yoramu mwana wa Ahabu akakusanya jeshi, akamwita Yosafati mfalme wa Yuda, na mfalme wa Edomu akaungana nao. Wakazunguka kwa upande wa kusini, kupitia jangwa la Edomu, mwendo wa siku 7. Huko maji yakawaishia, wao askari na wanyama waliofuatana nao.

Shida inapowafika, wafalme wawili wanasema maneno yasiyofanana. Yoramu analia kwamba Bwana amewaita wafalme watatu ili awatie mikononi mwa Moabu. Ajabu ya maneno hayo ni kwamba safari aliianzisha yeye mwenyewe. Andiko halituonyeshi popote kwamba aliuliza neno la Bwana kabla ya kuondoka. Alihesabu askari, hakuhesabu visima. Sasa kiu imekuja, anamkumbuka Mungu ili apate wa kumshitaki. Yosafati, aliye katika kiu ile ile, anauliza kama hayuko nabii wa Bwana mahali pale. Yosafati hana maji kuliko mwenzake, ana swali tu. Na jibu la swali lake halikutoka kwa wafalme, lilitoka kwa mtumishi mmoja asiyetajwa jina: yuko Elisha mwana wa Shafati, yule aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi.

Tusimame hapa. Mtumishi yule angeweza kusema kwamba Elisha ni mtu wa Mungu, au mrithi wa nabii mkubwa, au mwenye miujiza. Alichokitaja ni kazi ya kumiminia maji. Sisi hatuhitaji maelezo marefu. Kabla ya chakula, kijana wa nyumba huleta birika na beseni, huinama mbele ya wageni na wazee, na kuwamiminia maji taratibu mpaka wamalize kunawa. Hakuna anayempongeza. Akikosea, maji yakalowesha shati la mgeni, hapo ndipo anapoonekana. Elisha alikuwa mtoto wa nyumba yenye mali. Eliya alimkuta akilima na jozi 12 za ng'ombe mbele yake. Aliyaacha hayo, akaenda kushika birika. Miaka ile yote hatuna habari zake. Kati ya wito wake, katika sura ya 19 ya kitabu cha kwanza, na siku ile Eliya alipopaa, Elisha hatajwi. Tunajua tu kwamba siku wafalme watatu walipokosa maji jangwani, mtu waliyeelekezwa kwake alikuwa mtu wa kumimina maji. Tunawaambia hayo ninyi mnaofagia kanisa siku ya Jumamosi, mnaopanga viti na kubeba ngoma za kwaya, mkidhani kwamba utume wa kweli utaanza siku mtakapopewa kipaza sauti.

Wafalme walimshukia Elisha. Hakuwapokea vizuri. Alimwambia Yoramu aende kwa manabii wa baba yake na mama yake, na kwamba kama si kwa heshima ya Yosafati asingemtazama. Kisha akaomba aletwe mpiga kinubi, na mpigaji alipopiga, mkono wa Bwana ukawa juu yake. (Wanakwaya wamekwisha kutuuliza kwa nini mstari huo hauhubiriwi mara nyingi. Nasi tunaliunga mkono swali lao.)

Ndipo likaja neno lenyewe. Bonde lile kavu lifanywe mashimo mashimo. Hawataona upepo, hawataona mvua, lakini bonde litajaa maji, nao watakunywa pamoja na ng'ombe na wanyama wao. Kiebrania hapa kinarudia neno la shimo mara mbili, sawasawa na sisi tunavyorudia katika Kiswahili tukitaka kusema kwamba kitu kimejaa kila mahali. Wako wafasiri wanaoyatafsiri maneno hayo kuwa ahadi, kwamba Bwana mwenyewe atalijaza bonde mabwawa. Wengine huyatafsiri kuwa amri, kwamba watu wachimbe. Sarufi ya Kiebrania inaruhusu njia zote mbili. Sisi tunafuata wale wanaosikia amri, ila tunapenda kukumbuka kwamba sentensi moja iliweza kubeba kazi ya Mungu na kazi ya watu bila kuweka mpaka kati yao.

Sasa wazieni usiku ule. Andiko halisimulii lolote. Linatoka katika neno la nabii na kuruka moja kwa moja hadi asubuhi. Lakini kama mashimo yalikuwapo asubuhi, basi yuko aliyeyachimba usiku, na aliyeyachimba alikuwa mtu mwenye kiu. Kuchimba huongeza kiu. Mwenye akili ya kawaida angelala kivulini, angetunza mate yake kinywani. Hawa walipewa kazi ambayo, neno la nabii lisipotimia, ingewaua mapema zaidi. Wala hawakuchimba kisima, maana mchimba kisima ana tumaini la kuyakuta maji chini ya jembe lake, na udongo ukianza kulowa anapata nguvu. Mashimo yale hayakuwa na maji chini. Kila aliyemaliza shimo lake alibaki ametazama shimo kavu, akahamia kuchimba lingine.

Asubuhi, katika saa ya kutolea sadaka, maji yakaja kutoka upande wa Edomu, na nchi ikajaa.

Wanaojua nchi zile kame wanatuambia jinsi mabonde yake yalivyo. Mvua huweza kunyesha mbali sana, juu ya milima ambayo walio bondeni hawaioni, na maji yakateremka kwa ghafula kwenye mkondo uliokuwa mkavu, chini ya anga lisilo na wingu. Yanakuja kwa nguvu, na yanapita upesi. Hatusemi kwamba kila maji yanayoteremka mlimani ni baraka. Waliozika watu wao Bushushu na Nyamukubi, mwezi wa Mei 2023, wanajua mengine. Lakini katika bonde la Edomu jambo moja liko wazi. Maji ya namna hiyo hayangojei mtu. Kama wasingechimba, huenda yangepita vilevile. Askari wangeamka, wangesikia mngurumo, wangeinama na kunywa walichoweza kwa viganja, na baada ya muda mfupi wangebaki na matope, huku maji yakielekea Bahari ya Chumvi ambako hakuna anayekunywa. Mashimo hayakuyaleta maji. Yaliyazuia yasipite bure.

Hapo ndipo mafundisho yetu juu ya imani yanapaswa kuwa makini. Mara nyingi tunasema nanyi kana kwamba imani ni nguvu inayovuta kitu kutoka mbinguni, na yule asiyepata imani yake ni ndogo. Sura hii inasema jambo lililo nyenyekevu zaidi. Kazi ya watu wale ilikuwa kutengeneza nafasi. Walitakiwa kuwa na kitu kitupu, kilichochimbwa kwa jasho, mahali ambapo jirani akipita angecheka.

Tunapaswa kuongeza habari ambayo wengi wenu hamjaisikia. Mwaka 1868, huko Dhiban, mashariki ya Bahari ya Chumvi, katika nchi inayoitwa leo Yordani, lilionekana jiwe jeusi lenye maandishi ya Mesha huyo huyo, mfalme wa Moabu. Baadaye jiwe lilivunjwa, lakini vipande vingi viliokolewa, na sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris. Ndani yake Mesha anajisifu: anamtaja Omri, babu yake Yoramu, kwamba aliitesa Moabu siku nyingi, na anamshukuru mungu wake Kemoshi kwa ushindi. Na katikati ya majivuno hayo anaeleza kwamba ndani ya mji wake hapakuwa na kisima cha kuhifadhia maji, naye akawaamuru watu wote kila mmoja ajichimbie kisima nyumbani mwake.

Kwa hiyo adui naye alichimba! Kwanza jambo hilo lilituchekesha, kisha likatufikirisha. Kuchimba si mali ya waamini. Yeyote anayekaa katika nchi kavu na mwenye akili timamu atajichimbia kisima, na Mesha alikuwa na akili timamu. Vijana wasio na dini yoyote wanajifunza kazi, wanaweka akiba, wanasoma lugha, na wanafanya vema. Tofauti ya bonde la Edomu ni kwamba pale walichimba kwa ajili ya neno tu. Mesha alichimba akijua kwamba majira ya mvua yatarudi kama yanavyorudi kila mwaka. Wale wengine walikatazwa hata kutegemea wingu. Tena kisima cha Mesha kilikuwa cha kila mtu nyumbani mwake, na mashimo ya bondeni hayakuwa ya mtu, yalikuwa ya jeshi zima na ya ng'ombe. Tusidharau kisima cha Mesha. Asiyejichimbia hata hicho asije akajisifu kwamba anangoja mambo ya rohoni.

Tufungue sasa sura ya nne. Hapa hakuna wafalme. Mke wa mmoja wa wanafunzi wa manabii anamlilia Elisha: mumewe amekufa, na mwenye kumdai amekuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Haikuwa hadithi ya kutisha watoto. Sheria ya kale ya Israeli ilijua mtu anayejiuza kwa sababu ya deni na ilijaribu kumlinda; nabii Amosi aliwakaripia waliomwuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu; na miaka mingi baadaye, katika siku za Nehemia, wazazi walilalamika tena kwamba wana na binti zao wanatiwa utumwani. Deni lilikula watoto. Ninyi mnaojua nyumba ambako binti wa miaka 15 ameolewa ili deni la baba lipungue, au mvulana ameacha shule na kushuka shimoni kuchimba madini, hamhitaji maelezo zaidi.

Elisha anauliza mjane ana nini nyumbani. Hana kitu, ila chupa ya mafuta. Basi anaambiwa atoke akaazime vyombo kwa majirani zake wote, vyombo vitupu, na asiazime vichache. Kisha ajifungie ndani na wanawe, amimine.

Fikirini aibu ya kuazima. Kijiji kizima kinajua kwamba una deni, na sasa mnazunguka mlango kwa mlango, wewe na watoto wako, mkiomba mitungi mitupu. Jirani anauliza ni ya nini, na wewe huna jibu ambalo mtu atalisadiki. Ukiomba unga, unaeleweka, na ukiomba chumvi pia. Lakini mtungi mtupu, na baada yake mwingine! Kila mlango aliobisha ulikuwa shimo moja katika bonde lake. Na sisi tunadhani (andiko halisemi, ni dhana yetu) kwamba palikuwa na mlango ambao aliona haya kuufikia, na mwingine ambao mwenye nyumba alimcheka, na kwamba ilipofika jioni miguu ilimwuma akasema hivi vinatosha.

Akamimina. Watoto wakamletea vyombo, chombo baada ya chombo. Vilipojaa akamwambia mwanawe alete kingine, na mwana akajibu kwamba hakuna kingine. Mafuta yakakoma.

Mafuta hayakukoma kwa sababu Mungu alichoka, wala kwa sababu deni lilikuwa limefikia kiasi. Yalikoma pale vyombo vilipokwisha. Bondeni, mashimo ndiyo yaliyoyaweka maji. Nyumbani mwa mjane, vyombo ndivyo vilivyopima mafuta. Tena angalieni kwamba nabii alitaka vitupu. Chombo chenye masalio ya jana hakikufaa. Na Yeremia, karne mbili na zaidi baadaye, angewalalamikia watu kwa kosa la namna nyingine: wamechimba visima vyao kwa bidii, lakini visima vimepasuka na havishiki maji. Unaweza basi kutoa jasho na bado usiwe tayari. Tunawajua vijana wanaoshiriki kila mafungo, kila semina, kila mkesha, wakijazwa Jumamosi na kuwa wakavu Jumatatu, na tunasadiki kwamba wanahitaji saa moja ya ukimya kuliko semina nyingine.

Sisi tuliopitia shule ya ualimu tulizoeshwa daftari la maandalio. Somo lisiloandaliwa halifundishwi. Ndivyo tulivyoambiwa, na mkaguzi alipofika aliomba daftari kabla ya salamu. Katika miaka ile walimu wa nchi yetu walipokaa miezi na miezi bila mshahara, wengi waliliacha daftari, na hatuwahukumu, kwa sababu hata petroli ya taa ilikuwa haipatikani. Tulimjua mmoja ambaye kila jioni aliandika maandalio yake kamili: lengo, vifaa, maswali ya kukumbusha, zoezi. Asubuhi mara nyingine alikuta wanafunzi sita, mara nyingine mlango umefungwa. Tulimwuliza anamwandikia nani. Akasema kwamba siku watakaporudi hatawaambia wangoje mpaka aandae. Walirudi, si wote, nao hawakungojeshwa hata siku moja.

Na mfano mwingine, wa karibu zaidi nanyi. Miaka kadhaa iliyopita msichana mmoja alikuja kila Jumamosi kujifunza usomaji wa Neno na uongozaji wa ibada bila padri. Parokia ilikuwa na wasomaji wa kutosha, tena wenye sauti nzuri kuliko yake. Hakupangiwa zamu zaidi ya mara mbili au tatu kwa mwaka. Mwenzake alimwuliza mbele yetu kwa nini anajichosha. Hakuwa na jibu zuri, akacheka tu. Kisha vita vikapita upande wa milima, katekista wa shapeli moja akalazimika kukimbia na jamaa yake, na Wakristo waliobaki kule wakakaa Dominika nyingi bila mtu wa kuwakusanya. Ilipotafutwa nafsi iliyo tayari kwenda, wenye sauti nzuri walikuwa na sababu zao, na nyingine zilikuwa za haki kabisa. Yeye alikwenda. Hakupata mshahara wala kazi ya mjini, wala hatumwoni kuwa alilipwa chochote. Lakini wazee wawili walizikwa kwa sala, na watoto hawakusahau Baba Yetu.

Tunautoa mfano huo kwa makusudi, maana wako wahubiri wanaozitwaa habari za Elisha na kuzigeuza duka. Wanakuambia utoe dola 50, kwamba hilo ndilo shimo lako la imani, na kabla ya mwisho wa mwezi litajaa. Someni wenyewe mwone kama Elisha alipokea kitu mkononi mwa mjane. Katika sura ya tano Naamani Mshami, aliyeponywa ukoma, atamsihi apokee zawadi, naye atakataa kwa kiapo; mtumishi wake Gehazi ataikimbilia zawadi hiyo kwa uongo, na atatoka na ukoma wa Naamani. Na mafuta ya mjane yalikuwa na kazi iliyotajwa wazi: auze, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Hakuna neno la utajiri hapo. Kuna watoto wawili waliobaki na mama yao.

Wako pia, na hawa ni wengi zaidi katika mitaa yetu, wasiongoja nabii yeyote. Wanakaa tangu asubuhi mbele ya vibanda vya kubashiri mpira, wakiwa na karatasi mkononi na majina ya timu za Ulaya kichwani. Hatuwadharau. Nao wana kiu, nao wanasadiki kwamba kitu kinaweza kutokea bila wingu. Kinachotuhuzunisha ni kwamba mwaka unapita, na bonde lao halina hata shimo moja. Yule kijana akishinda leo dola 200, ziko wapi zitakapokaa? Zitapita kama maji ya jangwani, naye atabaki na matope na hamu ya kurudi.

Tumesema tangu mwanzo kwamba sura ya tatu ina mwisho unaoogofya, wala hatupendi kuuficha. Wamoabu waliona maji yakimetameta mekundu kama damu katika jua la asubuhi, wakadhani wafalme wamechinjana wenyewe kwa wenyewe, wakakimbilia nyara, wakapigwa. Israeli wakabomoa miji, wakatupa mawe katika mashamba mazuri, wakaziba chemchemi za maji, wakakata miti mizuri. Ndiyo, wakaziba chemchemi, wao waliookolewa na maji jana yake! Mwishoni Mesha, aliyezingirwa mjini mwake, akamtwaa mwanawe mzaliwa wa kwanza, aliyepaswa kumrithi, akamtoa sadaka ya kuteketezwa juu ya ukuta. Ghadhabu kuu ikawa juu ya Israeli, nao wakaondoka, wakarudi nchini mwao. Vita viliishia hapo, na mtoto amekufa.

Elisha alikuwa ametabiri kwamba miji na miti na chemchemi zitaangamizwa, na wafafanuzi wamejadiliana sana juu ya jambo hilo, kwa kuwa Kumbukumbu la Torati sura ya 20 inakataza kuikata miti ya matunda mji unapozingirwa. Hatutaukata mjadala huo hapa. Tunachowaomba ni hiki: mtu akija kwenu na silaha na Biblia, akawaambia kwamba utayari ni kwenda kupigana kwa sababu Mungu aliwapa maji wafalme watatu, mwambieni asome mpaka mstari wa mwisho. Bwana aliwapa maji watu waliokuwa karibu kufa na wanyama wasio na hatia. Hakuwapa ushindi waliokuwa wakiufuata, na walirudi bila ile kodi ya sufu.

Yako mengine katika sura ya nne tuliyopenda kuyasema, hasa yule mama wa Shunemu aliyemjengea nabii chumba kidogo juu, akaweka kitanda, meza, kiti na taa, bila kuomba kitu. Na wasomaji wa Injili watakuwa wamekwisha kukumbuka wale wanawali watano wa Bwana wetu Yezu Kristu, ambao waliitwa wenye busara kwa sababu ya mafuta yaliyokuwa katika vyombo vyao. Tunawaachia ninyi.

Kwa mkutano wenu ujao, tunapendekeza sura ya tatu yote, mistari 27, na mistari 7 ya kwanza ya sura ya nne. Mmoja asome polepole, wengine wafunge vitabu na kusikiliza. Asomaye akifika pale mwana anapojibu kwamba chombo hakuna tena, anyamaze kwa muda wa Salamu Maria tatu. Kisha kila mmoja aseme, kwa maneno machache, ni mlango gani wa jirani ambao bado hajabisha.